Kopo, Karatasi na Roketi

 

Chukueni karatasi moja. Iviringisheni kama bomba, ifungeni kwa uzi, isimamisheni mezani. Wekeni daftari juu yake. Linakaa. Ongezeni la pili, na la tatu. Sasa mmoja wenu aibonyeze karatasi ubavuni kwa kidole. Mara madaftari yote yaanguka! Karatasi haikupasuka, imebonyea tu na kukunjika, ghafula.

Kopo, tangi na roketi ni vitu vya namna hiyo: ganda jembamba, jepesi, lenye nguvu nyingi. Lakini fundi atajuaje mzigo utakaolishinda?

Mwaka wa 1908 Lorenz, na mwaka wa 1910 Timoshenko, walipata hesabu yake. Ukijua unene wa bati, upana wa kopo na ugumu wa madini, hesabu ilikutajia mzigo. Lakini mafundi walipoyakandamiza makopo ya kweli kwa mashine, mengi yalibonyea mapema, pengine kwa robo tu ya mzigo uliotajwa. Tena makopo mawili yaliyofanana hayakuchukua mzigo sawa. Fikirini taabu ya fundi: akiiamini hesabu, watu watakufa; asipoiamini, atashika nini?

Jibu kubwa lilitoka Uholanzi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili nchi hiyo ilitawaliwa na Wajerumani, na katika siku hizo ngumu Warner Koiter alikuwa akilifikiri jambo hili. Mwaka wa 1945 alitoa kazi yake katika mji wa Delft. Alionyesha kwamba hesabu ya kwanza ilikuwa ya kopo lisilo na kasoro hata moja, na kopo la namna hiyo halipo duniani. Kila kopo lina vibonyeo vidogo, hata visivyozidi unene wa bati lenyewe, navyo huondoa sehemu kubwa ya nguvu zake. Ndicho kile kidole chenu ubavuni!

Lakini Koiter aliandika Kiholanzi, na mataifa mengine wachache tu waliweza kumsoma. Tafsiri ya Kiingereza ya NASA, shirika la Marekani la safari za anga, ilitoka mwaka wa 1967.

NASA yenyewe ilikwisha toa mwongozo mwaka wa 1965: piga hesabu, kisha punguza jibu, ganda likiwa jembamba zaidi, punguza zaidi. Ilikuwa salama, lakini roketi zilibeba madini ya ziada. Basi mwaka wa 2011, huko Huntsville, Alabama, walilikandamiza tangi la aluminiamu lenye upana wa futi 27 na nusu mpaka likabonyea, kwa karibu ratili 1,000,000, wapate kujua ni kiasi gani walipunguza kupita haja.

Kupima si kuidharau hesabu. Ni kuiuliza kama imesema kweli.

Maswali ya kuzungumza darasani:
1. Kwa nini makopo yalibonyea mapema?
2. Koiter aligundua nini?
3. Kupunguza sana kuna faida gani, na hasara gani?