Kufuta

Ubaoni, kufuta ni kuondoa: mwalimu akipitisha dasta, chaki inatoka. Mahakamani maana ni nyingine, kwani kesi ikifutwa, jalada lake hubaki masjala. Kompyuta inafuta kama mahakama, na wengi wetu tunadhani inafuta kama mwalimu.

Ukifuta faili na kumwaga kapu la taka, kinachoondoka kwanza ni jina lake kwenye orodha ya diski. Yaliyomo aghalabu hubaki palepale hadi nafasi ile iandikwe kitu kingine. Mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat, wanafunzi wa MIT nchini Marekani, walichapisha matokeo ya kuchunguza diski 158 walizonunua zikiwa zimetumika. Kati ya 129 zilizofanya kazi, 12 tu zilikuwa zimesafishwa barabara. Kwenye nyingine walikuta barua za watu, habari za matibabu na namba za kadi za benki. Inatisha.

Diski ya kuzunguka husafishika kwa kuandikwa upya yote. SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, haina uhakika huo, maana huhamisha data ndani kwa ndani bila wewe kujua. Kwa hiyo simba diski nzima mapema, yaani igeuze data isisomeke bila ufunguo, kwa BitLocker ya Windows au FileVault ya Mac, kabla hujaweka hati ya kiwanja au picha ya kitambulisho. Ufunguo wa dharura uandike karatasini, uuweke mbali na kompyuta. Ukipotea pamoja na nywila, hata fundi hodari hatakurudishia faili zako.