Wanaokataa Toleo Jipya

Nimewasikia vijana wengi wakisema kwamba mtu asiyetaka kubadilisha kivinjari chake, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti, ni mvivu au mshamba. Mimi sikubaliani nao, na historia ya kivinjari kimoja inaniunga mkono.

Mwezi Agosti 2001 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa toleo la sita la Internet Explorer. Mpinzani wake mkubwa, Netscape, alikuwa amekwisha kudhoofika, basi kampuni ikajilalia. Toleo la saba halikutoka hadi Oktoba 2006. Katika miaka hiyo mitano maofisi na mabenki yaliagiza programu zao za kazi zitengenezwe kwa kufuata tabia za toleo la sita, pamoja na kasoro zake, maana halikuzifuata sawasawa kanuni za uandishi wa kurasa zilizokubaliwa na wataalamu. Chukua mfano wa fundi cherehani mwenye utepe wa kupimia uliokatika inchi moja mwanzoni. Maadamu anapima na kukata kwa utepe huohuo, nguo zinawakaa wateja. Mpe utepe mzima leo, na daftari lake lote la vipimo linakuwa halina kazi.

Mwaka 2004 ilitokea Firefox, na watu binafsi wakaanza kuhama. Maofisi hayakuhama. Januari 2010 kampuni ya Google ilitangaza kwamba imeshambuliwa na wadukuzi, ikabainika kuwa walipitia tundu lililokuwa katika Internet Explorer. Serikali za Ujerumani na Ufaransa ziliwashauri wananchi wao watumie vivinjari vingine kwa muda. Uingereza nako, watu zaidi ya 6,000 walitia saini ombi la kuitaka serikali iachane na toleo la sita. Serikali ikajibu kwamba kuhama si jambo jepesi: kila mfumo wa kazi ungepaswa kupimwa upya, kwa fedha za walipa kodi.

Wengi waliwacheka. Mimi niliyewahi kupokea muhtasari mpya wa masomo Januari, vitabu vyake vikafika mwaka uliofuata, siwacheki hata kidogo. Hata hivyo, gharama waliyoikwepa ilibebwa na wengine. Waandishi wa kurasa duniani kote walilazimika kufanya kazi mara mbili, mara moja kwa kufuata kanuni na mara ya pili kwa ajili ya toleo la sita. Machi 2011 Microsoft yenyewe ilianzisha kampeni ya kuwasihi watu waliache. Msaada wake kwa Windows XP ulikoma tarehe 8 Aprili 2014.

Wakati huo swali lenyewe lilikuwa limeanza kutuponyoka. Chrome ya Google, iliyotoka Septemba 2008, ilikuwa ikijibadilisha yenyewe kimyakimya, na wengine wakaiga. Kwa usalama, hapana shaka hilo lilikuwa jema. Lakini mtu asiyeulizwa husahau namna ya kujibu.

Nasema hivi kwa sababu swali limerudi kwa mlango wa nyuma. Toleo la 109 la Chrome, la Januari 2023, ndilo la mwisho kukubali Windows 7. Katika chuo kimoja cha ualimu ninachokitembelea, chumba cha kompyuta kina mashine za namna hiyo, zote za msaada. Kivinjari kipya pale maana yake ni mashine mpya, au kuzitia mfumo mwingine wa bure kama Linux. Wanachuo waliponiuliza, niliwaambia waorodheshe kwanza kila kazi inayofanyika humo, na nani ataumia ikikwama. Nywila na mambo ya fedha yasiguswe kwenye mashine zile tangu siku hiyo. Nyingine mbili watie Linux, wazijaribu muhula mzima, huku mkufunzi akiandika daftarini kila kinachokataa kufunguka. Daftari limefika ukurasa wa nne.