Bwana Spicer-Simson na Vita vya Ziwa la Tanganyika

Msafiri afikaye Kigoma kwa gari la moshi hulikuta ziwa limetulia mbele yake, na mitumbwi ya wavuvi imelala pwani, asidhani kwamba manowari zilipata kupigana katika maji yale. Lakini zilipigana, katika Vita Kuu ya 1914-1918, na habari za afisa wa Kiingereza aliyeshinda huko zina mafundisho kwetu.

Afisa huyo ni Geoffrey Spicer-Simson. Alizaliwa Hobart, katika kisiwa cha Tasmania, mwaka 1876, akaingia jeshi la manowari la Uingereza mwaka 1890. Alikuwa mtu wa majivuno, na kazi yake haikusitawi. Mwezi wa Novemba 1914 manowari aliyoiongoza, Niger, ilizamishwa na Wadachi karibu na mji wa Deal, naye mwenyewe yupo nchi kavu.

Wakati huo Wadachi ndio waliolitawala ziwa letu. Reli yao ilikuwa imefika Kigoma mwaka 1914. Walikuwa na meli Kingani na Hedwig von Wissmann, na Februari 1915 wakashusha majini Graf von Götzen, iliyoletwa kutoka Ujerumani vipande vipande katika masanduku. Waingereza wakaona hawana budi kuleta vyombo vyao, na kazi hiyo akapewa Spicer-Simson.

Basi Juni 1915 motaboti mbili, Mimi na Toutou, kila moja urefu wa futi 40, zikatoka Uingereza. Kutoka Cape Town zilipakiwa katika gari la moshi hata Fungurume, nchi ya Kongo, kisha zikavutwa kuvuka milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke na ng'ombe. Je, njia ilitoka wapi? Mamia ya Waafrika waliikata porini, wakajenga madaraja, na maji ya mashine yalipopungua, watu wakayachukua vichwani. Mwezi wa Oktoba boti zikafika Lukuga, ng'ambo ya ziwa.

Jumapili, tarehe 26 Desemba 1915, Kingani ilionekana wakati Waingereza walipokuwa katika sala. Sala zikaisha, boti zikatoka, na kwa muda mfupi Kingani ikatekwa, ikaitwa Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 Hedwig ikazamishwa. Spicer-Simson akasifiwa sana.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Götzen ilipotokea, alikataa kwenda kuishambulia. Mwezi wa Juni akafika mbele ya boma la Bismarckburg, huko Kasanga. Akaiogopa mizinga yake, akarudi, na Wadachi wakatoroka kwa majahazi. Baadaye ikajulikana kuwa mizinga ile ilikuwa ya miti tu! Akarudi kwao mgonjwa. Alipewa nishani, lakini hakupewa tena kuongoza vita. Alifariki Kanada mwaka 1947.

Na Götzen? Wadachi waliizamisha wenyewe Julai 1916 walipoondoka Kigoma. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba, ikichukua abiria na mizigo yao badala ya mizinga.

Ndugu wasomaji, jina la bwana huyu limo vitabuni, pamoja na ushindi wake na aibu yake. Waliokata njia ya Mitumba majina yao hayakuandikwa, wala hawakupewa nishani. Lakini bila mikono yao boti zile zisingaliona maji ya Tanganyika. Tunapowafundisha watoto habari za vita hivi, tusiwasahau. Mungu anawajua mmoja mmoja.