Kamera ya mfukoni au kamera isiyo na kioo: Ipi itakufaa Nanyuki?

KATIKA mji wa Nanyuki, picha ni sehemu ya riziki. Wageni husimama kando ya bango la ikweta wakaomba kupigwa picha. Waongozaji watalii huendesha magari katika hifadhi ya Ol Pejeta na mashamba mengine ya wanyamapori ya Laikipia. Wapagazi huwasindikiza wakwezi hadi Mlima Kenya kupitia njia ya Sirimon. Mbali na hao, wako vijana wanaopiga picha za harusi na mahafali, na baadhi yao hutamani kuuza picha za wanyama siku za usoni.

Kwa watu hawa, swali la kamera ya kununua si la anasa. Kamera ya kitaalamu pamoja na lenzi yake ndefu yaweza kumeza mapato ya misimu kadhaa ya utalii. Anayenunua kubwa asiyoihitaji hubaki na deni, na anayenunua ndogo isiyomudu kazi hupoteza wateja. Makala haya yanalinganisha aina mbili za kamera kwa kuzingatia mazingira ya Nanyuki: mwanga wake, umbali wa wanyama wake, na baridi na vumbi la mlima na nyanda zake.

Aina zenyewe

Kamera ya mfukoni ni ile ndogo ambayo lenzi yake imeshikamana na mwili na haibadilishwi. Ukiizima, lenzi hujirudisha ndani nayo ikaingia mfukoni. Kamera hizi zilitawala soko kabla ya simu za kisasa kuenea. Takwimu za chama cha watengenezaji wa kamera nchini Japani zinaonyesha kwamba mwaka 2010 viwanda viliuza kamera za dijitali za aina zote zaidi ya milioni 120. Kufikia mwaka 2023 idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya milioni 8, na kamera za mfukoni ndizo zilizoathirika zaidi. Zilizosalia na thamani ni zile zinazofanya jambo ambalo simu nyingi hushindwa kulifanya vyema, hasa kuvuta karibu kitu kilicho mbali kwa kutumia lenzi halisi badala ya kukuza picha kwa hesabu za kompyuta.

Ili kuielewa kamera isiyo na kioo, yafaa kuikumbuka ile iliyoitangulia. Kwa miaka mingi wapigapicha wa magazeti na wa mbugani walitumia kamera yenye kioo ndani yake. Kioo hicho kilirusha taswira kutoka kwenye lenzi hadi kwenye kitundu cha kuchungulia, kisha kikajiinua kila mara picha ilipopigwa. Mwaka 2008 kampuni ya Panasonic ilitoa Lumix G1, kamera ya lenzi za kubadilisha iliyoondoa kioo hicho na kuweka kiwambo kidogo cha elektroniki mahali pake. Mwaka 2013 Sony ilitoa A7, iliyokuwa na kihisi cha mwanga chenye ukubwa wa filamu ya milimita 35. Nikon na Canon zilifuata na kamera zao za kiwango hicho mwaka 2018.

Kuondolewa kwa kioo kulileta manufaa matatu. Mpigapicha huona picha itakavyokuwa, yenye mwanga wa kutosha au iliyofifia, kabla ya kubonyeza. Kamera nyingi za aina hii hutambua jicho la mtu au la mnyama na kulifuata zenyewe. Aidha, nyingi zinaweza kupiga bila kutoa sauti, jambo lenye faida kanisani wakati wa harusi na pia karibu na mnyama mwenye masikio makali.

Mizani ya uzito na bei

Tuchukue mfano wa kamera mbili, si kwa nia ya kuzipigia debe bali ili hesabu ieleweke. Sony RX100 VII ya mwaka 2019 ni kamera ya mfukoni yenye uzito wa gramu 302. Lenzi yake huanza na upana wa milimita 24 na kuvuta hadi milimita 200, kwa kipimo cha filamu ya milimita 35. Ilipotoka iliuzwa kwa takriban dola 1,200 za Marekani.

Sony A7 IV ya mwaka 2021 ni kamera isiyo na kioo yenye uzito wa gramu 658, nayo ilitoka kwa takriban dola 2,500. Bei hiyo ni ya mwili peke yake. Lenzi ya milimita 200 hadi 600, inayotumiwa na wengi kwa wanyamapori, ina uzito wa gramu 2,115 na ilianza kuuzwa mwaka 2019 kwa takriban dola 2,000. Jumla ni dola 4,500 na karibu kilo 2.8, yaani uzito mara tisa wa kamera ya mfukoni na bei inayokaribia mara nne. Na lenzi hiyo ndefu haifai kwa bwana harusi aliyesimama hatua tatu kutoka kwako. Kwa kazi hiyo utahitaji lenzi nyingine, na gharama itapanda tena.

Mwanga wa ikweta

Mchana kweupe, mtazamaji wa kawaida hutatizika kuzitofautisha picha za kamera hizi mbili za bango la ikweta zikionyeshwa kwenye simu. Tofauti hujitokeza mwanga unapopungua, na hapo ndipo jiografia ya Nanyuki inapoingia.

Mji huu uko juu ya ikweta. Mwaka mzima jua huchomoza kati ya takriban saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo asubuhi, na hupanda karibu wima. Ule mwanga wa dhahabu unaopendwa na wapigapicha hautandazi kwa muda mrefu kama katika nchi za kaskazini. Jioni, jua likishatua, mwangaza unaofaa hutoweka kwa muda wa dakika 20 na ushei. Wakati huohuo simba na fisi huwa ndio wanaanza kutembea. Mlima nao huwa na desturi ya kujifunua alfajiri na kujifunika mawingu kadiri mchana unavyosonga.

Kihisi ndicho kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera. Kihisi cha RX100 VII kina upana wa milimita 13.2 na kimo cha milimita 8.8. Cha A7 IV kina karibu milimita 36 kwa 24, yaani eneo lake ni zaidi ya mara saba. Ni kama sufuria mbili zilizowekwa chini ya mvua moja: iliyo pana zaidi hukusanya maji mengi zaidi. Mwanga ukipungua, kihisi kidogo hulazimika kuikuza ishara hafifu, na pamoja nayo hukuza chembechembe zinazochafua picha. Manyoya ya simba hugeuka kama yaliyopakwa rangi kwa kidole.

Hata hivyo, kihisi kikubwa hakina nguvu bila lenzi. Katika upeo wa kuvuta, tundu linaloingiza mwanga katika lenzi ya kamera ya mfukoni tuliyoitaja lina upana wa milimita 16 hivi. Lile la lenzi ya milimita 600 linakaribia milimita 95. Mpigapicha mwenye kamera ya gharama kubwa na lenzi dhaifu amenunua nusu ya chombo.

Umbali wa mnyama

Hesabu ya umbali ni rahisi na kila mnunuzi anaweza kuifanya. Tuseme simba, ambaye mwili wake una urefu wa mita mbili bila mkia, amelala mita 100 kutoka barabarani. Kamera ya mfukoni, ikivuta hadi milimita 200, itachukua eneo lenye upana wa mita 18, na simba atajaza sehemu moja tu kati ya tisa za picha. Lenzi ya milimita 600 itachukua eneo la mita 6, na simba atajaza theluthi moja.

Ukihesabu nukta za picha, simba wa kamera ya mfukoni atakuwa na nukta kama 600 kwa urefu wake, ilhali yule wa kamera kubwa atakuwa na takriban 2,300. Kwa kipimo cha uchapishaji mzuri cha nukta 300 kwa inchi, wa kwanza anaweza kuchapishwa kwa urefu wa sentimita 5, wa pili kwa karibu sentimita 20. Sentimita 5 zatosha kwa kumbukumbu ya mgeni. Mhariri wa kitabu au kalenda hawezi kuzinunua.

Njia ya mkato ya kumkaribia mnyama haipo. Kuacha barabara ili kumsogelea ni kuvunja kanuni za hifadhi na kumsumbua mnyama, na mwongozaji anayekubali ombi hilo la mgeni huhatarisha kazi yake.

Ol Pejeta yenyewe inaonyesha kwa nini picha za kiwango cha juu zina maana. Desemba 2009 vifaru weupe wa kaskazini wanne waliletwa huko kutoka bustani ya wanyama ya Dvůr Králové katika Jamhuri ya Czech. Dume aliyeitwa Suni alikufa mwaka 2014. Dume wa mwisho, Sudan, alikufa Machi 19, 2018, wakabaki majike wawili, Najin na Fatu. Picha za mpigapicha Mmarekani Ami Vitale zikimwonyesha Sudan pamoja na mlinzi wake siku za mwisho zilienea duniani kote. Tukio la namna hiyo halirudiwi, na kilichonaswa siku hiyo ndicho watakachokiona vizazi vijavyo.

Mlimani na vumbini

Kupanda kilele cha Lenana, chenye kimo cha mita 4,985, ni mtihani tofauti. Hapa kilo 2.8 shingoni ni mzigo wa kweli, na mkwezi anayehema hana hamu ya kubadilisha lenzi. Kamera ya mfukoni hutolewa, hupiga na kurudishwa kabla vidole havijafa ganzi. Lakini ina udhaifu wake: betri. Kwa vipimo vya mtengenezaji, RX100 VII hupiga picha 260 hivi kwa chaji moja, na A7 IV hupiga zaidi ya 500. Baridi hupunguza idadi hiyo kwa zote mbili. Beba betri za akiba katika mfuko wa ndani karibu na mwili, na usiku zilaze ndani ya blanketi.

Theluji na barafu huipotosha kamera yoyote, kwa kuwa huudhani weupe ule kuwa mwanga uliozidi na kuupunguza, theluji ikatoka kijivu. Ongeza mwangaza wa picha kwa hatua moja hivi kabla ya kupiga.

Katika nyanda za Laikipia adui ni vumbi. Kamera isiyo na kioo, lenzi yake ikitolewa, kihisi chake mara nyingi hubaki wazi. Badilisha lenzi ndani ya gari lililozimwa huku madirisha yakiwa yamefungwa, ukiinamisha kamera chini. Kamera ya mfukoni haifunguliwi, lakini vumbi likipenya kupitia lenzi inayochomoza, kuliondoa ni kazi ya fundi.

Pia mlima unatufundisha kwamba si kila picha muhimu hutaka kamera kubwa. Picha za msafara wa Mwingereza Halford Mackinder, aliyekuwa wa kwanza kufika kilele cha Batian mwaka 1899, zimewasaidia wanasayansi kuona jinsi barafu ya Lewis ilivyopungua. Leo mpagazi mwenye kamera ndogo, akipiga kutoka mahali palepale kila mwaka na kuandika tarehe, anaweza kuweka kumbukumbu yenye thamani kuliko picha moja ya kupendeza.

Tahadhari

Kamera kubwa huvuta macho. Nanyuki ina kambi ya jeshi la anga ya Laikipia, na kupiga picha maeneo ya kijeshi kwaweza kukutia mashakani na vyombo vya usalama. Anayepiga kwa biashara ndani ya hifadhi aulize vibali kabla ya kufika langoni. Na kabla ya kumpiga mtu picha sokoni au kijijini, mwombe ruhusa, hata kamera yako ikiwa ndogo kama kiberiti.

Nani anunue ipi

Mkwezi, mgeni wa siku moja, mpagazi na mwongozaji anayetaka kumbukumbu kwa wateja wake watatosheka na kamera ya mfukoni yenye lenzi ya kuvuta. Wakishindwa kuipata, simu nzuri itawasaidia katika yote isipokuwa mnyama wa mbali.

Mpigapicha wa harusi na mahafali atafaidika na kamera isiyo na kioo, kwa sababu kumbi na makanisa yana mwanga hafifu. Lakini aanze na lenzi fupi yenye tundu pana, aiache ile ndefu hadi kazi itakapomlipia.

Anayekusudia kuuza picha za wanyamapori hana budi kuwa na kihisi kikubwa na lenzi ndefu. Kabla ya kukopa, aazime au akodi vifaa hivyo kwa siku mbili, aende hifadhini alfajiri, kisha azikuze picha zake kwenye kompyuta. Akinunua kilichotumika, akague lenzi ndani kama ina ukungu, na apige picha ya anga tupu ili aone madoa ya vumbi kwenye kihisi.

Wahenga walisema vyaelea vimeundwa. Picha inayosifiwa imetokana na kuamka mapema, kusubiri na kumjua mnyama, na kazi hiyo haiuzwi dukani. Kabla ya kwenda dukani, basi, mnunuzi ajiulize mambo mawili: nitapiga saa ngapi, na kitu changu kitakuwa umbali gani? Akishayajibu kwa uaminifu, atajua mfuko wake utoe kiasi gani.