Miaka Ishirini na Miwili ya Kungoja

Kriketi ni mchezo uliopelekwa kusini mwa Afrika na Waingereza, na habari zake zina mafunzo hata kwa asiyepata kuushika mpira wake. Nataka kueleza habari ya John Traicos.

Alizaliwa tarehe 17 Mei 1947 katika mji wa Zagazig, nchi ya Misri, na wazazi wake walikuwa Wayunani. Alihamia Rhodesia angali mtoto, akakulia huko. Kazi yake uwanjani ilikuwa kutupa mpira, si kwa kasi, bali kwa kuuzungusha kwa vidole, hata ukidunda chini hugeuka na kumhadaa mpigaji. Utupaji huu hautaki nguvu nyingi. Wataka akili na uvumilivu, na ndiyo sababu fundi wake huweza kudumu miaka mingi.

Mwaka 1970, alipokuwa na miaka 22, aliichezea Afrika ya Kusini mechi kubwa tatu dhidi ya Australia, akawatoa wapigaji wanne. Lakini timu ile ilikuwa ya Wazungu watupu. Mwaka 1968 serikali ya John Vorster ilikuwa imekataa kuipokea timu ya Uingereza, kwa kuwa ndani yake alikuwamo Basil D'Oliveira, mzaliwa wa Cape Town asiyekuwa Mzungu. Mataifa yakachukizwa, na baada ya 1970 Afrika ya Kusini ikatengwa. Mlango ukamfungia Traicos.

Hakuuacha mchezo. Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980 aliichezea, na mwaka 1983 alikuwamo ilipoishinda Australia katika Kombe la Dunia. Mwaka 1992 Zimbabwe ikakubaliwa kucheza mechi kubwa za siku tano. Oktoba mwaka huo, mjini Harare, Traicos mwenye miaka 45 akawatoa wapigaji watano wa Bara Hindi kwa mikimbio 86. Mmoja wao ni Sachin Tendulkar, aliyetoka bila mkimbio hata mmoja; naye alizaliwa 1973, Traicos akiwa amekwisha kucheza na kufungiwa!

Subira yavuta heri. Lakini tupime kwa mizani ya haki. Mwezi uliofuata, mjini Durban, Omar Henry, mzaliwa wa Stellenbosch, naye fundi wa kuzungusha mpira, akawa mtu wa kwanza asiyekuwa Mzungu kuichezea Afrika ya Kusini mechi kubwa tangu iliporudishwa kundini. Alikuwa na miaka 40, akapata mechi tatu tu. Traicos alingoja mlango ufunguliwe tena. Henry alingoja ufunguliwe mara ya kwanza. Na wengi wenye ujuzi kama wao walizeeka nje, wasiitwe kamwe.

Basi tujue kwamba dhuluma humwumiza kwanza aliyedhulumiwa, kisha hurudi ikamtia hasara hata aliyeketishwa upande wa wenye nguvu.