Rangi ya Barazani: Watoto wa Brisbane na Sumu ya Risasi

Watu wengi wakisikia neno risasi hufikiria bunduki. Mimi nazungumzia madini yenyewe, yale yaliyotiwa katika rangi za nyumba kwa miaka mingi.

Mwishoni mwa karne ya 19, nyumba nyingi za Brisbane, Australia, zilikuwa za mbao, zenye baraza pana. Zilipakwa rangi ya risasi kwa sababu ilifunika vizuri na kudumu. Mwaka 1892 daktari A. Jefferis Turner aliripoti watoto wenye dalili za sumu ya risasi: tumbo kusokota, kutapika, miguu kulegea. Sumu ilitoka wapi? Jibu lilitolewa mwaka 1904 na daktari wa macho, J. Lockhart Gibson. Jua kali liligeuza rangi ya ukingo wa baraza kuwa unga. Mtoto alishika ukingo, akanyonya vidole au kung'ata kucha, na sumu ikaingia tumboni. Nampenda daktari huyu kwa jambo moja: alitazama mikono ya watoto.

Hata hivyo, Queensland ilingoja hadi 1922 kutunga sheria ya kuzuia rangi hiyo mahali watoto wanapofikia. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 1921 uliwalenga mafundi wapakaji, si watoto. Marekani ilipiga marufuku rangi ya risasi kwa matumizi ya nyumbani mwaka 1978, yaani miaka 74 baada ya Gibson kuandika! Siwezi kuuita ucheleweshaji huo ujinga, maana habari zilikwisha chapishwa. Rangi ilikuwa biashara. Wakati huohuo, daktari Nye wa Brisbane alionyesha mwaka 1933 kwamba vijana waliougua figo huko walikuwa wameathiriwa na risasi utotoni.

Sheria haibandui rangi iliyokwisha pakwa. Hapa Kampala shangazi yangu ana nyumba ya zamani, na fundi alikuja na msasa mkavu, wajukuu wakicheza chini ya ngazi. Kama rangi ile ina risasi, macho hayawezi kujua, hupimwa maabara. Nikamwomba shangazi tuichukulie kuwa inayo. Rangi isiyobanduka huweza kufunikwa kwa rangi mpya. Inayobanduka hulowanishwa kwanza ndipo ikwanguliwe, kwani msasa mkavu hurusha vumbi na moto hutoa moshi wa sumu. Turubai hutandikwa chini, watoto na wajawazito hukaa mbali, na sakafu hupigwa deki kwa maji ya sabuni badala ya kufagiliwa. Mtoto aliyekwisha ishi na vumbi hilo apimwe damu, kwa sababu anaweza kudhurika bila kuonyesha dalili.

"Haya mambo ya maji yataongeza siku ngapi, fundi?" shangazi aliuliza.

"Mbili, mama."

Wajukuu walihamia kwetu siku zote hizo.