Maporomoko Yaliyozamishwa, Mlima Unaoporomoka

Mtalii anayefika Jinja, nchini Uganda, hupandishwa mashua, huvushwa hadi penye kibao kinachotangaza kuwa hapo ndipo Mto Nile unapoanza safari yake ya zaidi ya kilomita 6,000 kwenda Bahari ya Mediterania, hupiga picha, kisha hurudi nchi kavu kula sato wa kukaanga. Ni wachache wanaouliza yale maporomoko ya kwenye vitabu yako wapi. Yako chini ya mashua waliyopanda.

Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alipofika hapo tarehe 28 Julai 1862, Ziwa Victoria lilikuwa likimwagika juu ya ukingo wa miamba wenye kimo cha futi 12 hivi na upana wa futi 400 hadi 500. Kwa urefu hayakuwa ya kutisha. Kilichomshika Speke ni uhai wa mahali penyewe: samaki kwa maelfu wakirukia maji yanayoshuka, wavuvi wa Kisoga na Kiganda na ndoano zao, viboko na mamba, ng'ombe wakishushwa kunywa. Akayaita Ripon, kwa heshima ya bwana wa Kiingereza aliyeongoza Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia wakati safari ile ikiandaliwa. Ugunduzi gani huo, mbele ya watu wanaovua? Na msafara wenyewe ulikuwa wa Waswahili wa Unguja, mmoja wa viongozi wao akiwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa akiwa mtoto, akauzwa India, akarudi Afrika akiwa huru. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa wamekwisha kufika ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda, tangu miaka ya 1840. Kwenye vibao vya Jinja, hata hivyo, jina ni la Speke.

Mwaka 1907 alipita Winston Churchill. Katika kitabu cha safari yake kilichotoka mwaka uliofuata, aliyatazama maji yale kwa jicho la mwenye kiwanda: nguvu nyingi inapita bure. Wazo hilo lilisubiri miaka 40. Bwawa la Owen Falls likajengwa kilomita chache chini ya mto, na Malkia Elizabeth II akalifungua tarehe 29 Aprili 1954. Maji yakapanda, miamba ya Ripon ikatoweka, na Ziwa Victoria lote likageuka kuwa tangi la mtambo wa umeme.

Hapa pana jambo ambalo mimi naliona la ajabu kuliko mandhari yoyote ya Jinja. Misri, ambayo uhai wake ni Nile, ilikubaliana na Uingereza kwamba bwawa lipitishe maji kiasi kile kile ambacho maporomoko yangepitisha yenyewe, kulingana na kimo cha ziwa. Kwa hiyo maporomoko yaliyokufa yakaendelea kutawala mto kwenye makaratasi ya wahandisi. Ziwa lilipopungua vibaya mwaka 2005 na 2006, ugomvi ulikuwa juu ya hesabu hiyo: ukame ulichangia, ndiyo, lakini bwawa la zamani na jirani yake Kiira yalikuwa yakiachia maji kupita kiwango.

Dunia imeyaona haya kwingine. Bwawa la Aswan lilipotishia mahekalu ya Abu Simbel, mataifa yalichanga fedha, na kati ya mwaka 1964 na 1968 mawe yakakatwa na kupandishwa juu. Lakini maporomoko ya Guaíra, mpakani mwa Brazil na Paraguay, yalizama mwaka 1982 chini ya bwawa la Itaipu. Hekalu huhamishika, maporomoko hayana pa kuhamishiwa. Jinja ililipa mara ya pili mwaka 2011, pale bwawa la Bujagali lilipoyafunika maporomoko yenye jina hilo, ambayo kwa Wasoga ni makao ya mzimu. Matambiko yalifanywa kuutuliza.

Umeme wa Owen Falls ulileta viwanda vya nguo na shaba, na mji ukanona. Maduka ya Wahindi kwenye barabara kuu bado yamesimama, jina la mwenyewe na mwaka wa kujenga vikiwa vimefinyangwa kwa saruji juu ya varanda. Wenye majina hayo wengi walifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Majengo ni mazuri kweli, rangi imebabuka.

Jinja na Mbale, mji wa mashariki zaidi, zimeunganishwa na mtu mmoja, Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda. Mwaka 1899 alishiriki kuwakamata wafalme Kabalega na Mwanga, kisha akaenda mashariki na jeshi lake kujitafutia himaya. Waingereza walimtumia, halafu wakampunguza. Alijenga Mbale, akapanda mivule kando ya barabara, na kuanzia 1906 hadi 1913 akawekwa Jinja kuongoza baraza la Busoga. Aliporudi Mbale alikuwa mtu mwenye kinyongo na Biblia mkononi. Mwaka 1919 alijitahiri na kutahiri wanawe, akaanzisha jumuiya ya Wayahudi, Abayudaya, ambayo ingali inasali kwenye kilima cha Nabugoye licha ya marufuku ya Amin. Na hayo aliyafanya katika nchi ya Wagisu, ambao vijana wao hutahiriwa imbalu kila mwaka wa shufwa, wamesimama wima mbele ya umati, bila ruhusa ya kukunja uso!

Mbale yenyewe imekaa chini ya ukuta wa Wanale, na masika mtu akiwa sokoni anaona vijito vyeupe vikidondoka kwenye genge. Nyuma yake ni Mlima Elgon, volkano iliyozimika, kimo mita 4,321. Majivu yake ya kale ndiyo yaliyozaa udongo wa kahawa ya Bugisu, na udongo huo ndio unaoua. Tarehe 1 Machi 2010, baada ya mvua kubwa, mteremko wa Nametsi wilayani Bududa ulishuka na kufukia nyumba, maduka na zahanati; mamia walipotea. Oktoba 2018 ikawa zamu ya Bukalasi. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ikaingia Mbale mjini usiku.

Serikali iliwahamishia manusura wa Nametsi Kiryandongo, mbali magharibi, kwenye tambarare. Baadhi ya familia zilirudi. Arabika haistawi kwenye joto lile, makaburi ya wazee yako Bududa, na mwana lazima atahiriwe kwenye uwanja wa ukoo wake.